Uwekaji wa Rejista ya Kielektroniki kwenye Mita ya Mafuta: Kazi na Istilahi Zake kwa Mfano wa Magongo, Mombasa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna rejista ya kielektroniki inavyofungwa na kuunganishwa kwa nyaya kwenye mita ya kupimia mafuta. Maelezo yanafuata hatua za kazi yenyewe: kutayarisha mahali, kuondoa rejista ya magurudumu, kufunga kitoa mapigo, kuunganisha nyaya na kuhakiki kipimo. Aidha, makala yanachunguza istilahi zinazohitajika ili kazi hii ielezwe kwa Kiswahili bila kumkanganya fundi. Hoja kuu ni kwamba usahihi wa kipimo na usalama wa mpimaji hutegemea pia usahihi wa maneno.

1.0 Utangulizi

Magongo ni mtaa wa Changamwe, katika bara ya magharibi ya Mombasa, kwenye njia iendayo Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Eneo hili limeishi na mafuta kwa zaidi ya nusu karne. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963, na kampuni ya bomba la mafuta ya Kenya iliyoundwa mwaka 1973 ilianza kusukuma mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 1978. Kiwanda kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, lakini matangi, mabomba na malori ya mafuta hayakuondoka. Kwa hiyo, karakana nyingi za pande hizi zina mafundi wanaoshughulika na pampu, vali na mita.

Mafuta yanapotoka kwenye tangi kuingia kwenye lori, au kutoka kwenye lori kuingia kwenye tangi la mteja, pande mbili hulazimika kuamini namba moja. Muuzaji huandika ankara kwa namba hiyo, na mnunuzi hulipa kwa namba hiyo hiyo. Zamani mfanyabiashara wa nafaka alitumia kibaba na pishi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Mnunuzi aliweza kuona kwa macho kama kibaba kimejaa. Mafuta yanayopita ndani ya bomba hayaonekani. Kinachoonekana ni rejista tu.

2.0 Mita, Rejista na Mpigo

Ni muhimu kutofautisha mita na rejista. Mita ni chombo kinachopitisha mafuta na kuyagawa. Katika aina inayotumika sana kwenye malori, ndani ya mita mna chumba chenye sehemu zinazozunguka. Kila mzunguko mmoja hupitisha kiasi kilekile cha mafuta, kana kwamba mtu anachota kwa kibaba kimoja bila kupumzika. Rejista nayo ni sehemu inayohesabu mizunguko hiyo na kuigeuza kuwa lita.

Rejista ya zamani ilihesabu kwa gia na magurudumu ya namba. Shafti ya mita ilizungusha gia, nazo gia zikazungusha magurudumu. Chombo hicho ni imara na hakihitaji umeme. Udhaifu wake ni kwamba gia huchakaa, na marekebisho yake ni mamoja kwa kasi zote za mtiririko, ilhali mita haipimi kwa usawa kamili mafuta yanapokwenda polepole na yanapokwenda kwa kasi.

Rejista ya kielektroniki haitumii magurudumu. Kwenye shafti ya mita hufungwa kifaa ambacho kila kinapozungushwa hutoa ishara fupi za umeme. Ishara moja huitwa mpigo. Rejista huhesabu mapigo na kuyagawa kwa idadi ya mapigo yanayowakilisha lita moja. Mwanafunzi wa arudhi hatapata tabu kuelewa jambo hili. Anapohakiki mizani ya mshororo, hapimi maana ya neno bali huhesabu silabi moja moja, nane katika ukwapi na nane katika utao. Silabi moja ikipotea, mshororo huwa na kasoro. Vivyo hivyo, mpigo ukipotea lita hupungua kwenye hesabu, na mpigo wa uongo ukiingia, mnunuzi hulipia mafuta ambayo hakuyapokea.

3.0 Maandalizi na Usalama

Kazi huanza kabla spana haijashikwa. Kwanza, namba ya jumla iliyo kwenye rejista ya zamani huandikwa, kwa kuwa ndiyo ushahidi wa mafuta yote yaliyopita hadi siku hiyo. Pili, wenye mamlaka hujulishwa. Nchini Kenya, Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, inataka chombo kinachotumika katika biashara kikaguliwe na kutiwa muhuri wa mkaguzi. Lakiri ikikatwa ili chombo kitengenezwe, mita haiwezi kurudi kazini mpaka ihakikiwe upya.

Tatu, vali za pande zote mbili hufungwa, shinikizo lililobaki hutolewa, na mafuta yaliyo ndani ya mita humwagwa kwenye chombo kinachofaa. Umeme wa betri hukatwa. Lori huunganishwa na ardhi ili umeme tuli usijikusanye kwenye bodi yake. Hewa ya mahali hupimwa ili kujua kama ina mvuke wa mafuta. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujaa kwenye mashimo na mitaro, mahali ambapo mtu aliyesimama huenda asiuhisi. Mikasa ya moto ya Sachangwan na ya mtaa wa Sinai, Nairobi, iliyotokea mwaka 2009 na 2011 na kuua watu wengi, ilionyesha jinsi mafuta yaliyomwagika yanavyosubiri cheche moja tu.

4.0 Kuondoa Rejista ya Zamani na Kufunga Kitoa Mapigo

Rejista ya magurudumu hushikiliwa na bolti juu ya mita. Bolti hizo hufunguliwa, na rejista huinuliwa wima ili shafti isipinde. Hapo fundi hukagua mahali shafti inapotokea kwenye mita. Pakiwa na unyevu wa mafuta, kizibo cha shafti kimechakaa nacho hubadilishwa kwanza, kwani mafuta yakipanda yataingia kwenye kifaa cha umeme.

Kitoa mapigo huwekwa juu ya shafti kikiwa na gasketi yake. Shafti mbili lazima zinyooke katika mstari mmoja. Zikiwa upande, kitoa mapigo kitazunguka kwa kukwama na mapigo hayatakuwa sawa. Bolti hukazwa kwa zamu, moja na iliyo mkabala nayo, ili kifuniko kikae sawasawa.

Kisanduku cha rejista kinachotumika mahali penye mvuke huundwa kwa namna ya pekee. Mlipuko mdogo ukitokea ndani yake, gesi ya moto hupita katikati ya nyuso mbili bapa zilizobanana, ikapoa kabla ya kufika nje. Ndiyo maana nyuso hizo hazikwaruzwi wala hazipakwi kitu kisichoruhusiwa na mtengenezaji, na ndiyo maana bolti zote hurudishwa. Fundi anayeacha bolti moja akidhani tatu zinatosha ameharibu kinga yote.

5.0 Kuunganisha Nyaya

Kitoa mapigo cha kawaida huwa na nyaya nne. Wa kwanza huleta umeme, wa pili huurudisha, na mbili zilizobaki hubeba mapigo: njia A na njia B. Swali linalozuka ni kwa nini njia ziwe mbili ilhali hesabu ni moja. Jibu ni kwamba mapigo ya njia B huchelewa nyuma ya yale ya njia A kwa robo ya mzunguko mmoja wa mpigo. Mafuta yakienda mbele, A hutangulia. Yakirudi nyuma, B hutangulia. Kwa hiyo rejista hutambua mwelekeo wa mafuta. Isitoshe, mapigo ya njia moja yakikosa mwenzake, rejista hujua kuna hitilafu na kutoa onyo badala ya kuendelea kuhesabu kwa kukisia. Namba ikipungua wakati mafuta yanaenda mbele, mara nyingi nyaya za A na B zimebadilishana nafasi, na dawa yake ni kuzirudisha mahali pake.

Nyaya hizi nne huzingirwa na wavu wa chuma unaozuia kelele za umeme kutoka kwenye injini na redio za lori. Wavu huo huunganishwa na ardhi upande mmoja tu, kwa kawaida upande wa rejista. Ukiunganishwa pande zote mbili, umeme mdogo waweza kupita kwenye wavu kutokana na tofauti ya sehemu hizo mbili za ardhi, na kinga ikageuka kuwa chanzo cha mapigo ya uongo. Kwa sababu iyo hiyo, nyaya za mapigo hazifungwi pamoja na nyaya nene za betri, wala hazikatwi na kuungwa katikati ya safari.

Umeme wa rejista hutoka kwenye betri ya lori, ya volti 12 au 24, kupitia fyuzi iliyo karibu na betri. Fyuzi ikiwekwa mbali, waya wote ulio kabla yake hauna mlinzi. Baada ya hapo huunganishwa vali ya umeme, ambayo hupunguza mtiririko lita za mwisho zinapokaribia na kuufunga kabisa kiasi kilichoagizwa kinapotimia. Kisha mashine ya kuchapisha risiti, na kihisio cha halijoto.

6.0 Kuhakiki Kipimo

Rejista iliyowaka si lazima iwe rejista ya kweli. Huhakikiwa kwa tangi la kupimia ambalo ujazo wake umethibitishwa. Tangi hulowanishwa kwanza, likamwagwa na kuachwa lichuruzike, kwa kuwa ukuta mkavu hunywa kiasi fulani cha mafuta. Kisha mafuta hupitishwa na hesabu mbili zikalinganishwa.

Chukua mfano wa rejista iliyowekewa mapigo 50 kwa lita. Rejista imeonyesha lita 500, yaani imepokea mapigo 25,000. Tangi la kupimia limeonyesha lita 497. Gawa 25,000 kwa 497, utapata 50.302. Hiyo ndiyo idadi ya kweli ya mapigo kwa lita, nayo huingizwa kwenye rejista mahali pa 50. Kipimo hurudiwa mara kadhaa, kwa kasi ndogo na kwa kasi kubwa. Rejista nyingi za kielektroniki hukubali namba tofauti kwa kila kasi, jambo ambalo magurudumu hayakuliweza.

Lita 3 katika 500 zaweza kuonekana haba. Lakini haba na haba hujaza kibaba: katika lori la lita 20,000, kosa hilo ni lita 120. Kosa likiwa upande huu, mnunuzi ameibiwa bila mwizi. Likiwa upande wa pili, muuzaji ndiye aliyepata hasara. Baada ya mkaguzi kuridhika, lakiri mpya hufungwa kwenye kitoa mapigo na kwenye rejista, ili pasiwe na njia ya kubadilisha namba kwa siri.

Halijoto nayo ina sehemu yake. Mafuta hutanuka yakipata joto na kusinyaa yakipoa. Lita 20,000 za dizeli zikipoa kwa nyuzi 10 za selsiasi hupungua kwa lita 160 hivi, bila tone moja kumwagika. Dereva aliyepakia kwenye joto la Changamwe na kushusha kwenye baridi ya bara anaweza kushukiwa kwa upungufu ambao haukusababishwa na mkono wa mtu. Rejista yenye kihisio cha halijoto huweza kukokotoa ujazo kwa halijoto moja ya rejea na kumwondolea shaka.

7.0 Suala la Istilahi

Vitabu vya mwongozo vya vifaa hivi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Fundi mkuu husoma, kisha humweleza msaidizi wake kwa Kiswahili. Katika tafsiri hiyo ya papo hapo ndimo hatari inamojificha.

Neno rejista lenyewe ni mfano mzuri. Kwa mwanaisimu, rejista ni mtindo wa lugha kulingana na muktadha wa matumizi. Kwa karani, ni daftari la majina. Kwa fundi wa mita, ni kionyeshi cha lita. Muktadha hutenganisha maana hizi bila shida, hivyo hakuna haja ya kubuni neno jipya. Lakini neno ardhi si jepesi hivyo. Fundi akiambiwa tu aunganishe waya na ardhi, anaweza kuuunganisha na waya wa kurudisha umeme, au na bodi ya lori, au kuunganisha wavu pande zote mbili. Pana haja ya kutofautisha waya wa kurudi, waya wa ardhi na wavu wa kinga. Hapa ufupi wa istilahi si sifa.

Mpigo, kwa upande wake, ni istilahi iliyo tayari. Kila msemaji anajua mapigo ya moyo: ni mafupi, yanahesabika, na yakikosa mpangilio ni dalili ya ugonjwa. Maana hizo tatu zinahitajika katika kazi ya mita. Kukopa neno la kigeni mahali hapa kungempunguzia fundi mwanga badala ya kumwongezea.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kufunga rejista ya kielektroniki ni mfululizo wa hatua zinazotegemeana, na kwamba kosa la waya mmoja laweza kuleta hasara au maafa. Yameonyesha pia kwamba Kiswahili kina uwezo wa kueleza kazi hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini urasmi huo hautamfaa msaidizi wa fundi wa Magongo mpaka maagizo ya kazi yake yaandikwe kwa lugha anayoielewa. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada za utafiti wa istilahi wanahimizwa kuingia karakanani, wasikilize maneno yaliyopo, wayapime, na kuyahifadhi yale yanayobeba maana sawasawa.