Je, Wajua? Ushahidi Usiokanika

Kusema kwa nguvu hakugeuzi dai kuwa kweli. Waandishi hawa waliwakabili wakubwa wa zama zao kwa ushahidi uliotoka upande wa wapinzani wenyewe. Je, wajua kwamba:

• Watetezi wa biashara ya watumwa Uingereza walijigamba kuwa meli zao ziliwafunza kazi mabaharia wa taifa? Mwaka 1787 Thomas Clarkson alikwenda Bristol na Liverpool, akapekua orodha za mabaharia, akathibitisha kuwa safari hizo ziliwaua kwa wingi. Katika duka la Liverpool alinunua pingu na kifaa cha kubana vidole gumba, akavitumia kama vielelezo.

• Mchoro maarufu wa meli ya watumwa ya Brookes, uliosambazwa London mwaka 1789, ulionyesha watu 482 wamelazwa ubavu kwa ubavu? Vipimo vya meli vilichukuliwa na afisa aliyetumwa na serikali, hivyo haikuwa rahisi kuuita uzushi.

• Mwaka 1858 Florence Nightingale alichora takwimu za vifo vya askari wa Uingereza katika Vita vya Krimea? Rangi ya buluu ilikuwa ya magonjwa yaliyoweza kuzuilika, nyekundu ya majeraha. Buluu iliimeza nyekundu, na kila aliyetazama aliona kwamba uchafu uliua wengi kuliko risasi.

• Ida B. Wells, mwandishi Mmarekani mweusi, alipopinga mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya wazungu, alitumia hesabu za Chicago Tribune, gazeti la wazungu? Katika kitabu chake cha 1895 alivunja kisingizio cha ubakaji: wengi wa waliouawa hawakuwahi hata kushutumiwa kosa hilo.

• E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, aliing'amua siri ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika hesabu za mizigo? Mpira na pembe za ndovu vilikuja Ulaya kwa wingi. Kule zilikwenda hasa bunduki na risasi. Basi Wakongo hawakulipwa, walilazimishwa. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo.

Kwa hiyo, ukiandika insha, barua kwa mhariri au ombi kwa halmashauri, jiulize kwanza: msomaji asiyekubaliana nami anaamini kumbukumbu za nani? Anzia huko.