Jiwe la Mpaka na Mwenye Haki ya Kulisimika

Katika mambo yafarikishayo ndugu na kuwaweka majirani mahakamani miaka nenda miaka rudi, ni machache yaupitao mpaka wa ardhi; na katika daawa hizo shahidi aliye mkweli kuliko mashahidi wote aghalabu ni kipande cha chuma chenye unene wa kidole, kilichopigwa ardhini na kuzungushiwa zege, ambacho watu wa mitaani wamekizoea kwa jina la bikoni. Mbuzi hufungwa hapo, fundi mwashi huufunga uzi wake hapo, na mnunuzi wa vyuma chakavu akipita hukitolea bei. Wala si wengi kati ya waishio karibu nacho wajuao kwamba kipande hicho kina ulinzi wa sheria, na kwamba kukisimika ni kazi isiyoruhusiwa kwa kila mwenye nyundo na utepe.

Atwaaye mchoro wa upimaji wa kiwanja cha Mombasa au Nairobi ataona katika kila pembe kiduara kidogo, na kando yake herufi zielezazo jinsi ya alama iliyowekwa: kwamba ni chuma katika zege, au ni chuma katika zege kilichofukiwa chini ya uso wa ardhi ili magari na majembe yasikifikie. Baina ya kiduara na kiduara pameandikwa urefu wa mstari, na mwelekeo wake kwa digrii, dakika na sekunde. Na michoro mingi ya zamani imeandikwa kwa futi, jambo lililowaponza wengi wasomao namba pasipo kutazama kipimo. Mchoro na vyuma vile ni kitu kimoja chenye sehemu mbili, moja ofisini na moja ardhini, na zikihitilafiana, kanuni ya mahakama zilizorithi sheria ya Kiingereza ni kwamba alama ya asili ya mpima wa kwanza, ikithibitika kuwa haijaguswa, hutangulizwa mbele ya vipimo vya karatasi. Sababu yake ni bayana: mwenye shamba alipokabidhiwa mali yake alionyeshwa jiwe, akajenga na kupanda kwa kulitazama jiwe, wala hakuonyeshwa sekunde za pembe.

Pwani ya Kenya iliingia katika utaratibu huu kwa mlango mgumu. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wa maili kumi, uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar na kutawaliwa na Waingereza tangu 1895, nayo ikamtaka kila mwenye kudai shamba au kiwanja apeleke dai lake kwa msajili, lichunguzwe, ardhi ipimwe, ndipo apewe cheti cha umiliki. Wenye elimu na wenye mawakili walidai. Wengi wasiopata habari, au wasioona haja ya kudai mahali walipozikwa babu zao, hawakudai, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Dhulma hiyo, ambayo hata leo inawaacha watu wa pwani wakiitwa maskwota katika vijiji walimozaliwa, haikufanywa na jiwe. Walakini tangu hapo mtu wa pwani amelitazama jiwe la serikali kwa shaka, nami simlaumu.

Sheria nyingine ya uandikishaji wa hati, ya 1919, ilifuata mfano wa Robert Torrens wa Australia ya Kusini, ambaye kwa sheria ya 1858 aliifanya serikali yenyewe kuwa mdhamini: kilichoandikwa katika daftari ndicho haki, wala mnunuzi halazimiki kufukua hati za wauzaji wote waliotangulia. Sasa serikali ikidhamini hati, imedhamini na mchoro ulioambatishwa nayo. Na ikidhamini mchoro, haina budi kumjua mtu aliyeupima na kumshika kwa jambo akikosea. Hapo ndipo leseni ya mpima inapopata maana yake.

Sheria ya Upimaji ya Kenya, Sura ya 299, iliyotungwa 1961, imeweka bodi ya wapima ardhi iwatahini waombao leseni, iwape wanaostahili, na iwatie adabu wakienda kinyume. Mpima mwenye leseni huwajibika mbele ya Mkurugenzi wa Upimaji kwa usahihi wa kazi yake, na likidhihirika kosa aweza kuamriwa alisahihishe kwa gharama yake mwenyewe. Lenye uzito zaidi kwa raia ni hili: hakuna ardhi ihesabiwayo kuwa imepimwa mpaka mchoro wake uthibitishwe kwa saini ya Mkurugenzi, au ya mpima wa serikali aliyepewa idhini hiyo kwa maandishi. Tanzania Bara ina sheria yake ya kuwaandikisha wataalamu hawa tangu 1977, chini ya baraza la taifa, na Uganda nayo ina bodi yake.

Mtaani, hata hivyo, leseni haiulizwi. Mtu anunuaye kiwanja huko Kilifi au Kajiado huuliza bei, huuliza maji na njia, kisha humkubali yeyote aliyeletwa na dalali akiwa na utepe, vigingi vinne na simu ya mkononi. Simu hiyo, hata ikiwa ya thamani, hukosea mita kadhaa, na mita kadhaa katika kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni chumba kizima cha jirani. Balaa kubwa zaidi hutokea mtu anaposoma latitudo na longitudo katika ramani ya zamani na kuzitia katika simu vivyo hivyo zilivyo. Kwani ramani za Kenya, Uganda na Tanzania zilisimamishwa juu ya msingi wa hesabu uitwao Arc 1960, ilhali simu hufuata msingi wa setilaiti ujulikanao kama WGS 84, na tofauti ya misingi hiyo miwili katika nchi zetu ni takriban mita 300. Mpima aliyesoma hulijua hilo na hulifanyia hesabu kabla hajashika nyundo, dalali halijui, na mnunuzi hulijua siku ukuta wake unapopakwa alama nyekundu ya kubomolewa.

Msingi huo wa Arc una historia iliyo njema kuisikia. David Gill, mtaalamu wa nyota wa Cape, alitaka uso wa dunia upimwe kwa mlolongo wa pembetatu kuifuata longitudo ya 30, kutoka Afrika Kusini mpaka Misri. Kazi ikaendelea kilima kwa kilima, wachukuzi wakipandisha vyombo vizito kichwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Martin Hotine, afisa wa jeshi la Uingereza, aliongoza upimaji wa sehemu ya Tanganyika, na kiungo cha mwisho kikafungwa katika Sudan mwaka 1954. Kutoka katika mlolongo huo na matawi yake upimaji wa nchi zetu ulishuka, kutoka nguzo za vilimani hadi alama za miji, na kutoka alama za miji hadi vyuma vya viwanja. Yanisikitisha basi kwamba nguzo hizo ndizo zivunjwazo usiku, hasa Tanzania, kwa uvumi kwamba Wajerumani waliziweka juu ya hazina za rupia, dhahabu au zebaki. Wachimbaji hawaambulii ila kokoto, na taifa hupoteza alama ambayo kuirudisha ni safari, vyombo na fedha.

Wazee wetu hawakuwa na zege, na mipaka yao ilihifadhiwa. Wachaga wa Kilimanjaro walipanda masale kuzunguka vihamba, mmea ule ule uchukuliwao na mtu aendaye kuomba msamaha, hata kuung'oa ukawa ni kumtukana jirani na kuivunja amani pamoja. Na pwani mibono na minyaa ilitosha. Dini nazo zimelikazia jambo hili kwa ukali mkubwa: kuzihamisha alama za ardhi kumelaaniwa katika Hadithi za Mtume na katika Torati pia. Sheria ya Kenya ya Uandikishaji wa Ardhi ya 2012 haikuleta basi geni ilipomlazimisha kila mmiliki kuzitunza alama za mipaka yake, ziwe ua, mawe, nguzo au bikoni, na ilipofanya kuziharibu au kuziondoa bila idhini kuwa jinai yenye kifungo au faini, au vyote viwili, na juu yake gharama ya kuzirudisha.

Wenye kung'oa bikoni wakitaraji kupata hatua mbili tatu za ardhi wanakosea tangu mwanzo wa fikira zao, kwa kuwa mpaka hausogei pamoja na chuma. Mpima akiitwa kurudisha alama iliyopotea huenda kwanza katika ofisi za upimaji, kama zile za Ruaraka kando ya barabara ya Thika, akatwaa nakala ya mchoro na hesabu za mpima aliyemtangulia; kisha huzitafuta kiwanjani alama za jirani ambazo zingali mahali pake, akazihakiki moja kwa nyingine, na kutoka kwa zile alizoziamini hupima mpaka kwenye pembe iliyo tupu. Hapo haharakishi kupiga chuma kipya. Huchimba taratibu, udongo ukiondolewa kidogo kidogo, akitafuta bonge la zege la chini lililoachwa na mwizi, au doa la kutu katika udongo mahali chuma kilipooza. Na kikionekana kimoja katika hivyo, ushahidi umetimia. Aliyekosa haki ni jirani asiye na hatia, ambaye kwa kutunza amani hulazimika kutoa ada ya kazi hiyo.

Katika bara ya Kenya, ambako mashamba yaliandikishwa kwa haraka baada ya mpango wa kikoloni wa Swynnerton wa 1954, uliotaka mashamba ya Waafrika yaunganishwe na kupewa hati, mambo ni mengine. Huko watu waliambiwa wapande nyua zitakazoonekana katika picha za ndege, ramani zikachorwa kutokana na picha hizo, na sheria yenyewe yakiri kwamba ramani hizo huonyesha mpaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale ulipothibitishwa kwa vipimo. Ndiyo sababu mahakama hairuhusiwi kusikiliza ugomvi wa mipaka ya ardhi iliyoandikishwa kabla mipaka hiyo haijaamuliwa. Na wengi waliokwisha kumlipa wakili wameambiwa warudi walikopaswa kuanzia, kwa Msajili wa Ardhi.

Nionavyo mimi, upungufu hauko katika sheria. Uko katika greda za barabara na mitaro ya mabomba, ambazo huzikokoa bikoni za mtaa mzima kwa siku moja pasipo mtu kuulizwa, na uko katika wauzaji wanaokabidhi hati bila kumfikisha mnunuzi penye vyuma. Wakandarasi na walazimishwe kumwita mpima kabla ya kuchimba. Nawe msomaji, ukinunua ardhi, dai kuonyeshwa kila bikoni na mpima mwenye leseni, majirani wakiwapo, kabla hujatoa fedha. Na ukikuta moja imeng'oka, usiirudishe kwa mkono wako hata ukiwa na yakini ya mahali pake, bali peleka habari kwa Msajili wa Ardhi au kwa ofisi ya upimaji ya kaunti yako.