Kilichoiangusha Runinga ya Chogo

Wengi tunaamini kuwa runinga ya chogo iliuawa na mfumo wa dijitali. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam, Desemba 31, 2012, mwenye chogo alitakiwa anunue king'amuzi, na baadhi wakaona heri wabadili runinga yenyewe. Lakini ukweli unakataa. Kwanza, king'amuzi ndicho kilicholiongezea chogo maisha, kwa kuliwezesha kupokea matangazo ya dijitali. Pili, katika robo ya mwisho ya mwaka 2007 runinga za LCD zilikuwa zimeshazipita za chogo kwa mauzo duniani, na mwaka 2008 Sony ikaacha kutengeneza mirija yake maarufu ya Trinitron. Mitambo ya Dar es Salaam ilizimwa wakati viwanda vingi vikubwa vimeshafungwa. Kwa hiyo chanzo cha kifo tukitafute kiwandani, na huko ushahidi unaelekea kwenye kitu kimoja: kioo.

Mrija wa miale ya kathodi, ambao ndio moyo wa runinga ya chogo, ulibuniwa mwaka 1897 na Karl Ferdinand Braun, mwanafizikia Mjerumani aliyekuwa akifundisha Strasbourg. Shingoni mwake elektroni hufyatuliwa, sumaku huzipinda, nazo hugonga unga ulio nyuma ya skrini, unga ukang'aa. Ili zisafiri bila kizuizi, hewa yote lazima inyonywe kutoka ndani. Hapo ndipo gharama inapoanzia. Hewa ya nje hukandamiza kwa uzito wa takriban tani 10 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo skrini ya inchi 29 hubeba zaidi ya tani 2 usiku na mchana. Isitoshe, mrija wa rangi huendeshwa kwa umeme wa volti 25,000 hivi, na elektroni zinazosukumwa kwa nguvu hiyo huzalisha eksirei. Dawa ya matatizo yote mawili ilikuwa kioo kinene: chogo likatiwa madini ya risasi, na uso wa mbele bari na stronti. Kila skrini ilipopanuliwa, unene na kina vilipanda pamoja nayo. Sony ilipotoa runinga ya inchi 43 mwaka 1989, ilikuwa na uzito wa kilo 200 hivi.

Uzito ungevumilika kama uzalishaji ungekuwa mwepesi, lakini kila mrija ulipaswa kuunganishwa, kuokwa, kunyonywa hewa na kuzibwa peke yake. LCD nayo ni kioo, ila chembamba kisichofika milimita moja, na hutengenezwa kama mshonaji akatavyo nguo kadhaa kwenye jora moja. Kiwanda cha Sharp cha Kameyama, Japani, mwaka 2006 kilianza kutumia karatasi za kioo za mita 2.16 kwa 2.46, kila moja ikitoa skrini 8 za inchi 45. Panua karatasi, na skrini zinaongezeka kwa mkupuo. Mrija haukuwa na njia ya kufanya hivyo.

Atakuwepo wa kusema kwamba chogo lilishindwa kwa sababu picha yake ilikuwa duni. La hasha. LCD za mwanzo zilionyesha weusi kama kijivu na mpira uwanjani ukaacha mkia, ilhali mrija ulikuwa na weusi wa kweli na picha isiyoburuzika. Pingamizi zito zaidi ni hili: nchi maskini zilikuwa bado zinataka runinga za bei nafuu, kwa nini viwanda visiendelee kuzihudumia? Jibu limo kwenye tanuri. Tanuri la kuyeyushia kioo huwaka mfululizo kwa miaka. Halizimwi wateja wanapopungua na kuwashwa wanaporudi. Oda zikishuka chini ya kiwango fulani, kila mrija hubeba gharama kubwa zaidi, na unafuu wenyewe unayeyuka. Mwaka 2003 Corning ya Marekani na mbia wake Asahi wa Japani walifunga kiwanda chao cha vioo vya mirija huko Pennsylvania, wakati Corning hiyo hiyo ikipanua biashara ya kioo cha LCD. Mwaka 2006 kampuni mama ya LG.Philips Displays, mtengenezaji wa mirija, ikafilisika. Watengenezaji walijaribu hata kupanga bei kwa siri kuanzia 1996 hadi 2006, kosa ambalo kwalo Tume ya Ulaya iliwatoza faini ya takriban euro bilioni 1.47 mwaka 2012. Hata njama haikuweza kupunguza uzito wa kioo.

Kioo hicho bado tunacho. Zamani mrija mbovu uliweza kusagwa na kuyeyushwa uwe mrija mpya. Viwanda vilipokufa, mteja mkuu wa kioo chenye risasi naye alitoweka. Chogo lililotupwa uani basi si takataka ya kawaida. Ukiwa nalo, usilipasue kutafuta shaba wala usiwaache watoto walichezee. Likabidhi kwa wanaokusanya taka za kielektroniki likiwa zima.