Shilingi 25 kwa Kila Lita

Dereva wa matatu anayejaza lita 30 za dizeli Kitengela kabla ya kuelekea Nairobi hulipa shilingi 750 za matengenezo ya barabara. Hapewi risiti ya peke yake. Pesa hizo zimo ndani ya bei ya pampu.

Ushuru huo wa mafuta uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1993. Julai 2024 ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita.

Je, Kaunti ya Kajiado, uliko mji wa Kitengela, inaweza kutoza kodi yake ya mauzo ili ijenge mitaro na barabara za mitaani? Kwa sasa, haiwezi. Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kimeiachia serikali ya kitaifa kodi ya mapato, VAT, forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti imebaki na kodi ya ardhi, kodi ya burudani na ada za huduma inazotoa, kama vile maegesho. Kodi nyingine yoyote lazima iidhinishwe na Bunge.

Kwingineko mambo ni tofauti. Novemba 2016, wapiga kura wa Kaunti ya Los Angeles, Marekani, walikubali kuongezewa nusu asilimia ya kodi ya mauzo ili kugharamia reli na barabara.

Nchini Kenya, mvutano umehamia kwenye ushuru wa mafuta: magavana wanadai mgao wa barabara za kaunti, huku wabunge wakitaka fedha hizo zibaki kwa mashirika ya kitaifa. Mzozo huo umefika mahakamani.