Sanda ya Torino: Kila Kipimo Kina Gharama Yake

Ubishi kuhusu Sanda ya Torino haubadiliki: ndiyo iliyomfunika Yesu kaburini, au siyo? Waliokabidhiwa kitambaa hicho huko Italia wana hofu nyingine kabisa. Wanaogopa mwanga na hewa.

Ni kitani cha urefu wa mita 4.4 hivi na upana wa mita 1.1, chenye umbo hafifu la mwanamume aliyesulubiwa, mbele na mgongoni. Umbo lenyewe ni umanjano ulioshika nyuzi za juu tu, haukuzama ndani. Tatizo ni kwamba kitani chochote kikizeeka nacho hugeuka manjano. Kitambaa kizima kikifikia rangi ya umbo, hakutakuwa na cha kutazama. Ndiyo maana sanda imelazwa gizani ndani ya sanduku lililojazwa gesi ya argoni, na waumini huonyeshwa kwa nadra sana.

Moto umeinyemelea zaidi ya mara moja. Mwaka 1532, ikiwa Chambéry, kanisa lilishika moto, fedha ya kasha ikayeyuka na kudondokea kitambaa kilichokuwa kimekunjwa. Fedha ilipenya mkunjo baada ya mkunjo, na ndiyo maana sanda ikitandazwa matundu yanaonekana yamejipanga kwa safu mbili. Miaka miwili baadaye watawa Waklara wakashona viraka na kuitia bitana. Mwaka 1997 moto ukazuka tena, safari hii Torino, na zimamoto wakalazimika kuvunja kwa nyundo kioo kisichopenya risasi ili waitoe.

Viraka vya watawa vilidumu hadi 2002, Mechthild Flury-Lemberg, mtaalamu wa vitambaa vya kale, alipovifumua. Chini yake kulikuwa na masizi ya moto ule wa 1532, yaliyokwama humo karne zote hizo na kuendelea kuchafua kitani. Aliyaondoa, akashona bitana mpya. Baadhi ya watafiti walikasirika, wakidai ushahidi umevurugwa kabla wao hawajaushika. Malalamiko yao yana uzito, lakini kwangu mimi, kuacha uchafu uendelee kula nguo eti kwa heshima ya utafiti ni hoja ngumu kuitetea.

Utafiti nao una makali yake. Mwaka 1988 kipande kilikatwa pembeni na kugawanywa kwa maabara za Oxford, Zurich na Arizona. Kipimo cha kaboni huanza kwa kuchoma sampuli iwe gesi, hairudi tena. Jibu likawa kwamba kitani kilivunwa kati ya 1260 na 1390, kwa uhakika wa asilimia 95. Linaoana na maandishi: sanda inajulikana Lirey, Ufaransa, katika karne ya 14, na mwaka 1389 Askofu Pierre d'Arcis alimwandikia papa wa Avignon kuwa kuna mchoraji aliyekiri kuitengeneza. Wapinzani husema kona ile ilikuwa imeshonewa nyuzi mpya. Hawajanishawishi, ingawa hata upande wa pili haujaeleza sawasawa umbo lile lilipatikanaje.

Kipimo kipya cha kaboni kingehitaji kukata tena. Ruhusa iko mikononi mwa Papa, aliyeachiwa sanda kwa wosia wa Umberto wa Pili, mfalme wa mwisho wa Italia, mwaka 1983, na tangu 1988 ruhusa hiyo haijatoka.