Kurasa za ndani za kivinjari

Kurasa za ndani za kivinjari ni kurasa zinazotengenezwa na kivinjari chenyewe badala ya kuletwa na seva kupitia intaneti. Hutumika kubadilisha mipangilio, kuona nywila zilizohifadhiwa, kusimamia viongezi na kuchunguza hitilafu. Kwa kuwa zimo ndani ya programu, hufunguka hata kama kompyuta haina mtandao au kifurushi cha data kimekwisha.

Anwani zake

Katika Firefox anwani hizi huanza na about: na katika Chrome huanza na chrome://. Mifano ni hii:

- about:preferences – mipangilio ya Firefox
- about:logins – nywila zilizohifadhiwa
- about:about – orodha ya kurasa za ndani za Firefox
- chrome://settings – mipangilio ya Chrome
- chrome://dino – mchezo wa dinosauri, ambao ulianza mwaka 2014 kwa ajili ya watumiaji waliokosa mtandao

Matumizi ya about: yalielezwa rasmi katika waraka wa RFC 6694 wa mwaka 2012. Tofauti na anwani ya https, anwani ya about: haitaji mahali popote kwenye mtandao. Ni kama agizo ambalo kivinjari hujipa chenyewe, na ndiyo sababu programu nyingine haziwezi kulitekeleza.

Kufungua kwa ikoni katika Linux

Katika Linux, ikoni ya kuanzishia programu ni faili ndogo ya maandishi ambayo jina lake huishia na .desktop. Kanuni zake hutunzwa na freedesktop.org. Faili hiyo inaweza kuwa ya kiungo, ambayo hukabidhi anwani kwa mfumo ili uchague programu ya kuifungua. Kwa kurasa za ndani njia hiyo haitegemeki, maana mfumo huenda usijue programu inayohusika na about:. Iliyo bora ni faili ya aina ya Application inayokiita kivinjari kwa jina:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Privacy
Name[sw]=Futa historia
Exec=firefox "about:preferences#privacy"
Icon=firefox
Terminal=false

Alama za nukuu zinahitajika kwa sababu alama ya # ina maana maalumu katika mstari wa Exec. Faili ikiwekwa katika folda ya ~/.local/share/applications, huonekana kwenye menyu ya programu. Ikiwekwa kwenye eneo-kazi, mara nyingi lazima kwanza ipewe ruhusa ya kuendeshwa. Kama Firefox ilisakinishwa kwa Flatpak, neno firefox katika mstari wa Exec hubadilishwa kuwa flatpak run org.mozilla.firefox.

Jina lililo baada ya Name[sw] huonekana pale lugha ya mfumo inapokuwa Kiswahili, kwa mfano sw_TZ. Jina la Kinyakyusa pia linaweza kuongezwa kwa Name[nyy], kwa kuwa nyy ndiyo msimbo wa lugha hiyo katika ISO 639-3, lakini litaonekana tu kama mfumo umewekwa kutumia msimbo huo.

Kizuizi cha Chrome

Chrome haikubali kufungua chrome://settings kwa agizo linalotoka nje. Ikoni iliyoandikwa hivyo hufungua dirisha la kawaida tu. Vilevile tovuti haiwezi kuweka kiungo kinachompeleka msomaji kwenye about:config ya Firefox. Lengo ni usalama: kurasa hizi zina uwezo wa kubadilisha kivinjari, hivyo programu au tovuti yenye nia mbaya isiruhusiwe kumfikisha mtu huko bila yeye kujua. Mtumiaji wa Chrome anaweza kuandika anwani mwenyewe au kuihifadhi kama alamisho.

Matumizi katika kompyuta za pamoja

Ikoni za namna hii zina faida hasa pale kompyuta moja inapotumiwa na watu wengi, kama katika maabara ya shule au steshenari. Mfano ni mhitimu wa kidato cha sita kutoka Matema, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, anayekwenda Kyela mjini kujaza maombi ya mkopo ya HESLB kwenye mtandao. Akikubali kivinjari kihifadhi nywila yake, mteja anayefuata anaweza kuingia katika akaunti hiyo. Ikoni ya "Futa historia" humfikisha moja kwa moja kwenye sehemu ya faragha, bila kutafuta ndani ya menyu za lugha asiyoizoea.

Hata hivyo, ikoni hufungua ukurasa tu, haifuti chochote yenyewe. Mtumiaji bado anapaswa kutoka kwenye akaunti yake, kufuta data, na kuhakikisha kupitia about:logins kwamba nywila yake haikubaki. Njia nyingine ni kuweka ikoni yenye Exec=firefox --private-window, ambayo hufungua dirisha la faragha lisilotunza historia baada ya kufungwa.