Kobe Hakukuzwa na Kisiwa

Desemba 2004, kobe mkubwa wa jamii ya wale wa Aldabra, huko Ushelisheli, alitoka baharini akatembea hadi ufukweni Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam. Alikuwa amekonda. Miguuni mwake na chini ya gamba walikuwa wamejigandisha viumbe wadogo wenye magamba meupe, wale wanaoota kwenye magogo yaliyokaa majini muda mrefu, na kwa kupima ukuaji wao wataalamu walikadiria kwamba kobe huyo alielea wiki 6 hadi 7. Kutoka Aldabra hadi Kimbiji ni kilomita zipatazo 740. Kwangu mimi, safari hiyo inatulazimisha kulipima upya jibu tulilozoea kuhusu chanzo cha ukubwa wa kobe hawa, ambao dume lao huweza kufikia kilo 250.

Jibu lenyewe ni kwamba kisiwa ndicho kilichowakuza: hakuna simba wala fisi wa kuwawinda, hakuna swala wa kugombania nao majani, basi kizazi hata kizazi miili ikatanuka. Kwa dodo wa Mauritius, ambaye asili yake ni njiwa, maelezo hayo yanafaa sana. Kwa kobe, nadhani yanatanguliza mkokoteni mbele ya punda. Ukubwa ulitangulia, na ndio uliomfikisha kisiwani. Mwili mkubwa hubeba akiba nyingi ya mafuta na maji, na kwa kila kilo ya uzito hutumia nguvu kidogo kuliko mwili mdogo. Ngozi yake pia ni ndogo ikilinganishwa na uzito, kwa hiyo hupoteza maji polepole. Mabaharia wa zamani waliijua sifa hii vizuri mno: waliwarundika kobe wakubwa ndani ya meli na kuwaweka hai miezi mingi bila chakula wala maji, wakiwachinja mmoja mmoja. Mnyama anayestahimili hayo, na ambaye mapafu yake yaliyo chini ya gamba humwezesha kuelea shingo ikiwa juu, anaweza kuvuka bahari. Kobe mdogo angekufa kwa kiu njiani.

Huenda mtu akasema kobe mmoja wa Kimbiji si ushahidi wa kutosha. Ni kweli, lakini hayuko peke yake. Madagaska, kulikotoka ukoo wa kobe wa Aldabra, ilikuwa na kobe wakubwa hadi takriban miaka 1,000 iliyopita. Aldabra yenyewe ni kisiwa cha matumbawe kilichowahi kufunikwa na bahari, na kila kilipoibuka kobe wakubwa walirudi. Bara nako hakukukosa majitu: visukuku vya kobe wakubwa vimepatikana Laetoli, Tanzania, na huko Asia aliishi kobe mwenye gamba la karibu mita 2. Hao wa bara hawakuhitaji kisiwa ili wakue.

Pingamizi zito zaidi linatoka Galapagos, ambako ndugu wa karibu wa kobe wakubwa ni kobe mdogo wa Amerika Kusini. Lakini huyo ni ndugu wa karibu miongoni mwa walio hai tu. Kimo chake hakituambii mzazi wao wa pamoja alikuwa na kimo gani. Tena kisiwa hakimkuzi kila mnyama: tembo waliofika Sicily walipungua hadi kufikia kimo cha mita 1 hivi. Sababu ni malisho: tembo hula kutwa kucha, na kisiwa kidogo hakimtoshi. Kobe anaridhika na kidogo, hivyo hakulazimika kupungua. Sikatai kwamba kisiwa kina mchango wake. Kilimpa hifadhi wakati ndugu zake wa bara walipotoweka, wengi wao wakati binadamu alipoenea. Kama hoja hii ni sahihi, basi kobe wa Aldabra hawatapata shida kuishi tena kwenye nchi kubwa yenye misitu, mradi wasiwindwe. Jambo hilo sasa linajaribiwa Anjajavy, kaskazini-magharibi mwa Madagaska, ambako kobe wa Aldabra wamerudishwa kula majani na kusambaza mbegu katika ardhi walimotoka mababu zao.